Nyuma ya Kaunta ya Santuri

Daftari lilikuja kwa posta, jembamba, lenye mistari mingi. Kila mteja aliponunua santuri, nami nikishapokea fedha na kumrudishia chenji, niliandika humo namba iliyochapwa kwenye lebo. Jina la wimbo au la mwimbaji halikutakiwa. Mwisho wa wiki daftari lilirudishwa kwa British Market Research Bureau, kampuni iliyokusanya madaftari ya aina hiyo kutoka maduka yapata mia tatu ya Uingereza nzima, na Jumanne mchana redio ya BBC ikatangaza hesabu: nani namba moja, nani kapanda, nani kashuka. Mimi, mtoto wa Tanga niliyefika London kusomea uhazili nikaishia kuuza muziki upande wa magharibi wa jiji, nilikuwa mmoja wa walioshika kalamu.

Wajukuu zangu na rafiki zao wanapobishana ni bendi ipi ya roki iliyo kubwa kuliko zote, huzungumza kana kwamba orodha hizo zilikuwepo tangu zamani na kazi yetu ni kuzisoma tu. Mimi niliziona zikisukwa, ukili kwa ukili, na bendi niliyoifuatilia kwa karibu kuliko nyingine zote ni Queen.

Jumatatu moja ya Oktoba 1975 tulifungua duka tukakuta watu nje, wanataka santuri ambayo ilikuwa bado haijatoka. Tukashangaa wameijuaje. Kumbe mwishoni mwa wiki mtangazaji wa Capital Radio, Kenny Everett, alikuwa amepiga "Bohemian Rhapsody" mara 14 katika siku mbili. Alipewa nakala hiyo kwa urafiki, kwa makubaliano kwamba asiirushe hewani. Alianza kwa kuonjesha vipande, kisha akaachia wimbo wote. Watu hao walitaja wimbo kwa kuuimba, maana wengi hawakulishika jina lake, na kila mmoja aliimba sehemu tofauti. Huyu alitoa ile ya mwanzo ya piano, yule akaiga gitaa kwa mdomo. Tukawaambia warudi mwisho wa mwezi.

Wimbo ulikuwa wa dakika 5 na sekunde 55, katika siku ambazo redio zilitaka dakika tatu. Hauna kiitikio. Unaanza taratibu, unaingia katika sauti nyingi za opera, unalipuka kwa gitaa, kisha unatulia tena. Ile sehemu ya opera waliimba watu watatu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti juu ya sauti katika utepe wa njia 24 mpaka ikapatikana kwaya nzima. Waliokuwa na sauti katika biashara hiyo waliwaambia kwamba ni mrefu mno na hakuna redio itakayoupiga. Ulitoka tarehe 31 Oktoba, ukafika namba moja Novemba, ukakaa hapo wiki tisa. EMI 2375. Niliandika namba hiyo mpaka nikawa siangalii tena lebo.

Jambo lililonigusa wakati ule ni wanunuzi wenyewe. Muuza santuri alimjua mteja kabla hajafungua mdomo. Vijana wa nywele ndefu waliopenda magitaa mazito walikwenda moja kwa moja kwenye Led Zeppelin na Black Sabbath, na hawakugusa kitu walichokipenda dada zao. Mabinti wa shule walitaka nyimbo za mapenzi. Wauguzi kutoka Jamaika na Barbados waliulizia reggae na soul. Wazee walikuja Desemba kununua zawadi na kuondoka haraka. Wiki zile tisa mipaka hiyo ilifutika. Nilimuuzia santuri ile kijana mwenye jaketi la ngozi, na nyuma yake amesimama mama wa makamo na kikapu cha sokoni, anataka hiyo hiyo. Bendi yenye wapenzi wa aina moja inaweza kuuza sana, tena kwa miaka, lakini siku wapenzi wake wanapozeeka nayo inazeeka pamoja nao. Iliyopendwa na watu wasiofanana haina siku hiyo.

Juu ya kaunta kulikuwa na hila pia. Mawakala wa baadhi ya kampuni za santuri walipita na mikoba yenye fulana na santuri za bure. Waligawa, wakanywa chai, kisha wakaomba kwa sauti ya chini tutie alama chache daftarini kwa ajili ya wimbo wao. Mwaka 1980 kipindi cha televisheni cha World in Action kiliianika hila hiyo nchi nzima ikaiona. Mwenye duka letu, mzee mkali wa hesabu, alilifungia daftari letu kwenye droo na ufunguo akautia mfukoni. Nami niliona jinsi hila zile zilivyoishia. Wimbo uliopandishwa kwa fulana ulidumu wiki mbili, ukashuka, na miezi sita baadaye tukaziuza nakala zake kwa bei ya kutupa. Alama za uongo zinaweza kununua wiki. Hazimrudishi mteja dukani baada ya miaka kumi kununua santuri ile ile kwa sababu ya kwanza imechakaa.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu. Dukani tulikuwa na rafu ya mbele, ya vitu vya wiki hiyo, na rafu ya nyuma, ya santuri za zamani ambazo mwenye duka aliagiza tena bila kuambiwa na mtu. Magazeti yaliandika kuhusu rafu ya mbele. Mimi nilitazama ya nyuma. The Beatles walivunjika mwaka 1970 na hawakuwahi kuondoka pale. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, tuliiagiza kila mwezi. Albamu ya nne ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, vivyo hivyo. Bendi nyingine zilizotikisa London wakati mmoja na hizo hatukuwahi kuulizwa tena, na sitazitaja, kwa sababu baadhi yake zilipiga muziki mzuri ambao mpaka leo naupenda.

Wahakiki, kwa upande wao, waliwakataa Queen mapema. Tangu albamu ya kwanza ya mwaka 1973 waliandika kwamba hawa ni watu wa mbwembwe na mavazi. Ulipokuja muziki wa punk ikawa vibaya zaidi. Desemba 1976 Queen walishindwa kutokea kwenye kipindi cha televisheni cha Bill Grundy, na kampuni yao ikawapeleka Sex Pistols mahali pao. Vijana wale wakamwaga matusi hewani, na kesho yake Uingereza nzima ilikuwa haina habari nyingine. Magazeti ya muziki yakaamua kwamba zama za Queen zimekwisha. Huko Marekani mhakiki mmoja wa Rolling Stone alifika hadi ya kuwafananisha na mafashisti. Nilisoma maneno hayo wakati wa chakula cha mchana, nikarudi kaunta, nikauza nakala nyingine.

Wahakiki walitazama mavazi, wasisikilize kilicho ndani. Katika bendi ile wote wanne walitunga, na kila mmoja alitoa wimbo uliokwenda dunia nzima. Mercury ana "Bohemian Rhapsody" na "We Are the Champions". Brian May, aliyepiga gitaa alilolichonga na baba yake kwa mbao za jiko la kuotea moto, na kulicharaza kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki, ana "We Will Rock You". John Deacon, mpiga besi asiyesema, ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust", iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1980. "Radio Ga Ga" ya mwaka 1984 ni ya Roger Taylor, mpiga dramu. Itazame bendi yoyote unayoijua, hata za kwetu, uone mara ngapi mtunzi mkuu akiondoka au akiishiwa na maneno bendi nayo imekwisha.

"We Will Rock You" ndiyo inayonieleza zaidi. Mwaka 1977 walipiga Bingley Hall, huko Stafford, na onyesho lilipokwisha watu hawakutoka. Walibaki wakiwaimbia wao bendi. May akajiuliza umati uliobanana hivyo unaweza kufanya nini. Akapata jibu: kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Katika rekodi ile hakuna dramu. Ni vishindo vya miguu kwenye mbao na makofi, vimerudiwa na kurundikwa. Sisi tuliokulia pwani, kwenye ngoma za harusi ambako mwenye kutazama naye yumo ngomani, tuliielewa siku ya kwanza. Kuanzia hapo mtunzi alikuwa amempa kila mtu uwanjani kazi ya kufanya, na mtu hasahau muziki alioufanyia kazi.

Kuhusu asili ya Mercury sikujua kitu mpaka mteja mmoja, mzee wa Kizanzibari, aliponionyesha picha kwenye jalada na kusema, "Huyu ni mtoto wa Bulsara, baba yake alikuwa karani wa fedha Mahakama Kuu, Unguja." Farrokh Bulsara, Mparsi, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akasomeshwa bweni Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964 familia ikahamia Feltham, si mbali na tulipokuwa tumesimama. Mwenyewe hakulizungumza sana. Mzee yule alilitaja kwa fahari, nami nilifurahi, ingawa siwezi kusema fahari hiyo iliuza hata nakala moja zaidi.

Mwaka 1983 kazi ya kuhesabu ilihamia kampuni ya Gallup, daftari likaondoka, ikaja mashine ya kubonyeza namba. Ilikuwa ya haki zaidi, lakini ilihesabu maduka yale tu yaliyochaguliwa. Ukipanda basi hadi Southall, ulikuta kaseti za bhangra za kundi la Alaap zikiuzwa kwenye maduka ya nguo na ya vyakula, pembeni mwa magunia ya mchele, kwa wingi ambao ungeshangaza mawakala wa fulana. Hakuna mashine iliyozihesabu. Kwa taifa, nyimbo hizo hazikuwepo. Na kwetu? Super Mazembe, Wakongo wa Nairobi, walitolewa albamu London na Virgin mwanzoni mwa miaka ya 1980, na niliiweka dirishani kwa mikono yangu mwenyewe. Wachache walinunua, wakaipenda. Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu za redio, na aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alikuwa na nyimbo ambazo nchi nzima iliziimba. Angeingia vipi kwenye rafu ya nyuma ya duka lolote duniani wakati rafu yenyewe haikuwa na kitu cha kuwekwa? Orodha za bendi kubwa zinazosomwa leo zimeandikwa juu ya santuri zilizopatikana kununuliwa tena. Wanaozitunga wanapaswa kulisema hilo waziwazi, na kwa kawaida hawalisemi.

Oktoba 1984 ndiyo iliyonitia uchungu. Queen walikwenda kupiga Sun City, kwenye ukumbi wa anasa huko Bophuthatswana, nchi bandia iliyobuniwa na serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende, chama cha wanamuziki wa Uingereza kilikataza. Walikwenda. Walisema wao si wanasiasa, wanampigia yeyote anayetaka kuwasikia. Chama kikawatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasoma London wakati huo. Alipitia sekondari Morogoro, na Mazimbu, ambako ANC walijenga shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto, alikuwa na marafiki aliocheza nao mpira. Alikuja dukani Jumamosi, akasubiri wateja wapungue, akaniambia taratibu, kwa heshima, "Dada, hizi santuri usiziuze."

Nikamwambia duka si langu.

"Basi usizisifie. Mtu akikuuliza, mwambie walikwenda wapi."

Hilo nililifanya. Mteja aliyenunua Queen majira yale ya baridi aliondoka na santuri pamoja na karatasi ya harakati za kupinga ubaguzi wa rangi, mwenye duka akijua na akinyamaza. Wengine waliirudisha karatasi. Mmoja aliirudisha santuri.

Kwa hiyo tarehe 13 Julai 1985 Queen walipopanda jukwaani Wembley kwenye tamasha la hisani la Live Aid, mimi sikuwa nimekaa mbele ya televisheni kama mpenzi aliyepofuka. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwangu Harlesden, karibu kabisa na uwanja huo, majirani wa kila kabila, na mdogo wangu amesimama mlangoni na koti lake mkononi. Saa 12 na dakika 41 jioni. Jua bado, hakuna taa za kuficha wala kupamba. Watu 72,000, na wengi wao hawakununua tiketi kwa ajili ya Queen. Kila bendi ilipewa dakika zipatazo ishirini. Wengine walizitumia kutangaza nyimbo mpya au kurefusha mmoja waliouchoka. Queen walikuwa wamekodi ukumbi wa Shaw Theatre kufanya mazoezi ya dakika hizo tu, wakazikatakata nyimbo zao mpaka zikaenea: kipande cha "Bohemian Rhapsody", halafu "Radio Ga Ga", "Hammer to Fall", "Crazy Little Thing Called Love", wakafunga kwa zile mbili za viwanjani.

Kwenye "Radio Ga Ga" mikono yote ile iliinuka na kupiga makofi mawili kwa pamoja, mpaka nyuma kabisa ya uwanja, na watu ambao hawakuwahi kununua hata santuri moja ya bendi ile walijua ni lini wapige. Halafu Mercury akasimama peke yake, bila chombo, akatoa sauti, umati ukairudisha. Akatoa ngumu zaidi, wakairudisha. Akavuta moja ndefu, nayo wakaifuata. Jirani yangu wa Ghana aliitikia akiwa kwenye kochi. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameliweka koti chini. Hakuimba, lakini hakutoka.

Jumatatu iliyofuata walikuja watoto. Wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, na fedha za mfukoni. "Greatest Hits" ya mwaka 1981 iliisha kabla ya mchana na tukaagiza kwa simu. Watoto hao hawakuwa wamewahi kusikia jina la Sun City, wala la Sex Pistols, wala la mhakiki yeyote. Kwao bendi ilizaliwa juzi Jumamosi.

Ikazaliwa mara nyingine kwa msiba. Novemba 23, 1991 Mercury alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake alifariki, akiwa na miaka 45. Siku zile nilikuwa napokea barua kutoka nyumbani, na karibu kila barua ilikuwa na jina la mtu tuliyesoma naye, limeandikwa kwa mafumbo, "aliugua muda mrefu". London watu walikuja dukani wakilisema neno lenyewe. "Bohemian Rhapsody" ilitolewa upya, fedha zikaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust, na Krismasi ilipofika wimbo ule ule ulikuwa namba moja tena, miaka kumi na sita baada ya wiki zangu tisa. Mwaka uliofuata filamu ya vichekesho, "Wayne's World", iliwaonyesha vijana wakiuimba ndani ya gari, na Marekani, iliyokuwa imewapa kisogo, ikaupandisha hadi namba mbili.

Baada ya hapo ndipo walipofika waandishi wa orodha. Rock and Roll Hall of Fame iliwaingiza mwaka 2001. Mwaka 2005 wanamuziki na waandishi walioulizwa na Channel 4 walilitaja onyesho la Live Aid kuwa bora kuliko yote. "Greatest Hits" ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza, imepita nakala milioni saba. Nilipokuwa nayasoma haya nilikuwa nimeshastaafu, na kila moja niliona limechelewa. Wenye kalamu walithibitisha kilichokwisha kuamuliwa na mama mwenye kikapu, kijana wa jaketi la ngozi na watoto wa ile Jumatatu, ambao hawakuwa na orodha yoyote na walitoa fedha zao wenyewe.

Filamu ya "Bohemian Rhapsody" ilipotoka mwaka 2018 na baadaye kupata Oscar nne, mdogo wangu, ambaye sasa anaishi Tanga, aliitazama na wajukuu wake akanipigia simu usiku huo huo. Wameipamba Wembley vizuri, akasema, lakini Sun City hawakuigusa hata kidogo. Nikamkumbusha kwamba May na Taylor walipiga Cape Town mwaka 2003, kwenye tamasha la Mandela la 46664. Akasema analijua hilo na analiheshimu, ila anataka liandikwe pamoja na la kwanza, katika ukurasa mmoja. Nikamuuliza je, ni bendi kubwa au si bendi kubwa. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Dada, ni kubwa. Ndiyo maana nataka iandikwe." Tukaendelea kubishana juu ya namba yao, mimi nikiwaweka wa pili baada ya The Beatles, yeye akiwashusha hadi wa tano, mpaka salio lake likakatika.